Córdoba kwa Miguu: Maneno ya Usiku wa Kuamkia Matembezi

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliokuja leo kwa treni kutoka Madrid, habari za jioni. Najua mmechoka, na kuna waliobadilisha ndege mara mbili kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Nawaomba dakika chache kabla hamjaenda kulala, kwa sababu mji huu wa Córdoba, kusini mwa Uhispania, ukiuingia bila kuambiwa neno, unaweza kutoka ukiwa na picha mia mbili kwenye simu na usiwe umeuona.

Wengine wenu jina la mji huu mlilikuta chuoni kabla ya kulikuta kwenye ramani. Kurtuba. Imamu Qurtubi, mfasiri wa Kurani ambaye vitabu vyake vimejaa kwenye rafu za masheikh wetu, nisba yake, yaani jina la alikotoka, ni ya hapa, na alizaliwa hapa katika karne ya 13 kabla ya kuhamia Misri. Kwa hiyo baadhi yenu mmeutamka mji huu miaka mingi pasipo kujua kwamba una mto, una vichochoro, na una watu wanaonunua mkate asubuhi.

Nina jambo moja tu la kuwaomba kesho. Tazameni mawe. Kila aliyeutawala mji huu, Mrumi, Mvisigothi, Mwarabu, Mkastilia, alijengea mawe ya aliyemtangulia. Mkilishika hilo, mji wote utawafungukia, kuanzia darajani mpaka kwenye kuta za nyumba za watu.

Mara ya kwanza nilipofika nilikuja na kundi. Aliyetuongoza alikuwa na haraka zake. Tulishushwa na basi saa sita mchana, tukapelekwa mbiombio mpaka mbele ya mihrabu ya msikiti mkuu wa kale, tukapewa dakika tano, tukatolewa kwa mlango mwingine. Nilitoka na maumivu ya kichwa kwa jua. Ilinibidi nirudi mwaka uliofuata, peke yangu, nikae siku nne. Hayo ninayowaambia niliyapata katika siku zile nne na katika safari nyingi zilizofuata, na sitaki nanyi mlipie nauli mara mbili.

Tutaanzia ng'ambo ya mto, upande wa kusini, chini ya mnara wa Calahorra. Nimechagua hapo makusudi. Msafiri wa zamani aliyetoka kusini aliuona mji kutoka ng'ambo hii kwanza: maji, daraja, ukuta, na juu ya ukuta paa la msikiti. Mto ni Guadalquivir. Litamkeni jina hilo polepole na mtasikia Kiarabu ndani yake, al-wadi al-kabir, yaani mto mkubwa. Asubuhi mtawaona yangeyange wakiamka kwenye visiwa vidogo vya matete katikati ya maji, mamia yao, weupe kabisa.

Daraja lina matao 16. Warumi ndio waliolijenga kwanza, yapata miaka 2,000 iliyopita, nalo limebomoka na kujengwa upya mara nyingi hata mawe ya Kirumi yenyewe yamebaki machache. Lakini mahali ni pale pale, na kazi ni ile ile. Magari yalikuwa yakipita juu yake mpaka mwaka 2004. Sasa ni la waendao kwa miguu tu, na hiyo ni zawadi kwetu. Katikati mtakuta sanamu ya malaika Rafaeli, ya mwaka 1651, iliyowekwa baada ya tauni kuwamaliza watu wa mji. Chini yake kuna mishumaa myekundu na matone ya nta yaliyokauka juu ya jiwe. Anayeiwasha ni mtu wa mji mwenye shida zake, kwa hiyo tupite kwa adabu.

Upande wa kushoto, mkikaribia mji, kuna gurudumu kubwa la maji linaloitwa Albolafia. Lilikuwa likipandisha maji ya mto kwenda kwenye kasri. Inasimuliwa kwamba Malkia Isabel, alipokuwa akilala kwenye kasri la jirani, aliamuru lisimamishwe kwa sababu mlio wake ulimnyima usingizi. Mnaloliona leo ni la kuundwa upya, ila limesimama pale pale lilipokuwa.

Sasa tuingie kwenye jengo lenyewe. Wenyeji hulitaja kwa majina mawili yaliyounganishwa, msikiti na kanisa kuu, na hapo nitakaa kidogo, maana ndilo lililotuleta.

Lilianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785 au 786. Huyu alikuwa kijana wa ukoo wa Bani Umayya, watawala wa Dameski. Mwaka 750 jamaa zake walichinjwa. Alivuka mto Furati kwa kuogelea, na ndugu yake mdogo aliyerudi ufukoni aliuawa huku yeye akitazama. Alizunguka Afrika Kaskazini miaka kadhaa, akafika Uhispania, na mwaka 756 akautwaa mji huu. Inaelezwa kwamba alipanda mtende hapa na kuutungia shairi, akiuambia kwamba wote wawili ni wageni, mbali na kwao. Nyinyi mnaoishi Ulaya miaka 20 na bado mnaagiza asmini kavu kutoka nyumbani, nadhani mnamwelewa mtu huyu kuliko wanavyomwelewa wengi.

Mtu mwenye hali kama hiyo hana muda wa kuchonga nguzo mpya. Alikusanya nguzo zilizokuwepo: za majengo ya Warumi, za makanisa ya Wavisigothi. Zilikuwa fupi kwa paa alilolitaka. Waashi wake wakatafuta njia. Juu ya kila nguzo waliweka nguzo nyingine ya mraba, na wakaziunganisha kwa matao mawili, moja chini na moja juu, matofali mekundu yakipishana na mawe meupe. Tao la chini linashika nguzo zisiyumbe, na la juu linabeba paa. Uzuri wote mnaousikia ukisifiwa ulizaliwa na upungufu wa vifaa.

Kesho nataka msimame kwenye sehemu hiyo ya kwanza, karibu na mlango tutakaoingilia, na mfanye kitu kimoja. Chagueni nguzo mbili zilizo jirani. Itazameni ya kwanza kutoka chini hadi juu, kisha ya pili. Mtaona moja ni ya kijivu laini, nyingine ina mistari ya kuzunguka kama kamba iliyosokotwa. Moja ina kitako, nyingine imezama moja kwa moja sakafuni kwa sababu ilikuwa ndefu mno. Na taji za juu hazifanani: hii ina majani yaliyochongwa mpaka mishipa yake inaonekana, ile imechongwa kwa haraka na mkono usio na ufundi mwingi. Nguzo zilizobaki ni 856. Zamani zilikuwa zaidi ya 1,000.

Kutoka hapo jengo lilikua mara tatu. Abd al-Rahman wa Pili alilirefusha kuelekea mtoni katika karne ya 9. Al-Hakam wa Pili, mtawala aliyependa vitabu kuliko vita, alilirefusha tena kuanzia mwaka 962, na sehemu yake ndiyo kilele. Mihrabu yake si kishubaka ukutani kama tulivyozoea kwetu. Ni chumba kidogo kamili, na dari yake ni jiwe moja lililochongwa umbo la kombe la bahari. Mlangoni kuna vipande vidogo vya kioo vyenye rangi ya dhahabu. Fundi wake na vioo vyenyewe vililetwa kutoka Konstantinopoli, kwa mfalme Mkristo, baada ya al-Hakam kumwandikia kuomba. Tazameni pande mbili za mlango huo, kulia na kushoto, mtaona nguzo nne ndogo, mbilimbili. Hizo zilikuwa za mihrabu ya Abd al-Rahman wa Pili. Al-Hakam angeweza kuchonga mpya, maana mali alikuwa nayo. Alizibeba za mtangulizi wake akaziweka mahali pa heshima kuliko pote.

Wenye dira kwenye simu watagundua kwamba mihrabu inaelekea kusini zaidi kuliko Makka. Wataalamu wamelijadili hilo sana. Sisi tulitazame tu, tuendelee.

Wa mwisho kupanua alikuwa al-Mansur, waziri aliyejitwalia madaraka, mwaka 987. Kusini kulikuwa na mto, magharibi kasri, kwa hiyo aliongeza safu nane upande wa mashariki. Ndiyo maana leo mihrabu haiko katikati ya ukuta. Alikuwa na haraka, na haraka yake inaonekana: inueni macho kwenye matao ya upande wake na mtaona kwamba wekundu ule si wa matofali. Ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe. Lakini msiidharau sehemu hiyo, kwa sababu huko ndiko waashi walikoacha majina yao mengi. Ni maandishi ya Kiarabu, mafupi, yamekwaruzwa juu ya jiwe la nguzo, kwa kawaida hayazidi upana wa kiganja. Mwenye kusoma herufi za Kiarabu ainame asome. Mtu yule alikuwa na patasi mkononi, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na alitaka ijulikane nguzo ipi ni yake. Mimi kila nikifika hapo hupitisha kidole hewani juu ya herufi zile bila kugusa, na hunichukua muda kuondoka.

Kuna habari ya kengele ambayo lazima niwape. Mwaka 997 al-Mansur aliushambulia mji wa Santiago de Compostela, kaskazini kabisa, akachukua kengele za kanisa na kuzileta hapa mabegani mwa mateka Wakristo. Zikageuzwa taa za msikiti. Mwaka 1236 Mfalme Fernando wa Tatu wa Kastilia, ufalme wa Wakristo, aliutwaa mji huu, na wanahistoria wa enzi hizo waliandika kwamba aliamuru kengele zirudishwe Santiago, mabegani mwa mateka Waislamu. Njia ile ile, mzigo ule ule. Fikirini umbali huo, kutoka huku kusini mpaka kona ya kaskazini magharibi ya nchi, kwa miguu, na shaba begani. Kila upande una maumivu yake katika jengo hili, na ningependa kesho tuingie tukiyajua ya pande zote mbili.

Baada ya 1236 msikiti ukawa kanisa, na kwa karibu miaka 300 wenye kanisa waliugusa kidogo tu. Kisha mwaka 1523 askofu aliamua kujenga kanisa refu katikati yake. Baraza la mji lilipinga kwa nguvu. Lilitangaza adhabu ya kifo kwa fundi yeyote atakayebomoa. Hao walikuwa Wakristo, watu wa mji, wakiutetea msikiti kwa sababu walijua hakuna mwingine kama huo. Kesi ilifika kwa Mfalme Carlos wa Tano, naye akampa askofu ushindi. Inasimuliwa kwamba alipokuja kuona kazi alijuta, akasema wamevunja kitu kisichokuwa na mfano duniani.

Mtauliza mimi nasemaje. Miaka ya mwanzo nilikuwa napita pale nikiwa na hasira, natazama chini. Bado naona ni jeraha. Ila siku moja niliketi kwenye benchi la kanisa hilo, nikatazama viti vya waimbaji vya karne ya 18, mbao za mkangazi zilizovushwa bahari kutoka Amerika na kuchongwa kwa subira ya miaka, nikakiri moyoni kwamba aliyechonga vile naye alikuwa fundi wa kweli. Kaeni pale. Kisha simameni mtembee hatua 20 tu, mtajikuta tena chini ya matao mekundu na meupe. Kivuko hicho cha hatua 20 sijakikuta mahali pengine popote nilipopita.

Ndugu zangu Waislamu, nawaambia mapema ili mtu asiaibike: kusali ndani hakuruhusiwi, na walinzi watakuja mara moja wakimwona mtu amerukuu. Dua ya moyoni hakuna anayeizuia. Kwa sala yenyewe kuna msikiti mdogo kwenye bustani ya Plaza de Colón, umbali wa kutembea. Na ndugu zangu Wakristo, humo ndani misa huendeshwa mpaka leo, ni kanisa kuu la jimbo.

Tukitoka tutakaa kwenye ua, chini ya midanzi. Ndiyo, ni madanzi, msiyatie mdomoni mkidhani machungwa. Angalieni vijifereji vilivyochongwa kati ya kokoto, vinapeleka maji kutoka shina hadi shina. Zamani matao ya upande huo wa msikiti yalikuwa wazi na mwanga wa uani uliingia mpaka ndani. Mengi yamezibwa, ndiyo maana ndani kuna giza. Na mnara wa kengele ulio juu yenu, wenye mita 54, una mnara wa muadhini tumboni mwake. Dhoruba ya mwaka 1589 iliutikisa ule wa zamani, uliojengwa na Abd al-Rahman wa Tatu, na badala ya kuubomoa wote waliufunika kwa ukuta mpya.

Kabla ya kuondoka tuzunguke ukuta wa magharibi kwa nje. Kuna mlango wa kale unaoitwa San Esteban, na maandishi yake ya Kiarabu yanataja mwaka 241 wa Hijra, yaani 855. Umeliwa na mvua, wengi hupita bila kuutazama.

Kutoka hapo ni mtaa wa Wayahudi. Vichochoro vyake vitawakumbusha Mji Mkongwe na Lamu, kuta nyeupe, watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Sinagogi ni chumba kimoja, si kikubwa kuliko sebule ya nyumba ya kawaida, cha mwaka 1315. Plasta yake imechongwa nyota na maua kwa mtindo wa mafundi wa Kiislamu, na katikati ya nakshi hizo yamepita maandishi ya Kiebrania. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Uhispania. Chumba kikawa hospitali ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa, baadaye kanisa dogo la mafundi viatu. Maandishi yalifunikwa kwa plasta mpya, yakaonekana tena mwaka 1884. Nguvu zote zile za kuyafuta, na plasta iliyoyafunika ndiyo iliyoyahifadhi.

Hatua chache mbele ameketi Musa bin Maimuni wa shaba, mwanachuoni na tabibu wa Kiyahudi aliyezaliwa hapa katika karne ya 12. Familia yake ilikimbia utawala wa Muwahidun, watawala Waislamu waliotoka Morocco, naye akamalizia maisha Misri akiwatibu watu wa nyumba ya Sultani Salahuddin. Mguu wake unang'aa kwa kushikwa na wapita njia. Nje ya ukuta, si mbali, ameketi jirani yake wa zama zile zile, Ibn Rushd, kadhi, tabibu na mfafanuzi wa Aristotle, aliyezaliwa 1126. Yeye naye alihamishwa kwa amri ya watawala na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Alifia Marrakech mwaka 1198. Mwili ulipoletwa Córdoba kuzikwa, mwanasufi Ibn Arabi aliyekuwepo alisimulia alichokiona: jeneza limefungwa upande mmoja wa mnyama, na upande wa pili, ili mzigo ulingane, wamefunga vitabu alivyoviandika.

Tukizungumzia wasafiri, Ibn Battuta wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuja Uhispania pia, kama miaka 20 baadaye, akaenda Granada. Córdoba wakati huo ilikuwa mikononi mwa Kastilia zaidi ya miaka 100.

Mchana tutapumzika. Hapa majira ya joto hupita nyuzi 40, na hata sasa jua la saa nane si la kushindana nalo. Kuna supu baridi iitwayo salmorejo, ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Huletwa imenyunyiziwa yai na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, kwa hiyo asiyekula aseme mapema: *sin jamón*. Biringani za kukaanga na asali ya miwa ni salama kwa wote. Mkimsikiliza mhudumu mtasikia maneno ya nyumbani yamevaa nguo nyingine: zeituni ni *aceituna*, sukari ni *azúcar*, zafarani ni *azafrán*. Na wazee wetu waliposema "tangu asubuhi hata jioni", hiyo *hata* ndiyo *hasta* ya Wahispania. Zote zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu.

Jioni atakayekuwa na nguvu tutakwenda Alcázar, ngome ya Mfalme Alfonso wa Kumi na Moja ya mwaka 1328. Bustani zake ni nzuri, lakini mimi hunipeleka kule sakafu za Kirumi zilizotundikwa ukutani, zilizofukuliwa chini ya uwanja wa Corredera, mahali ambapo watu walikuwa wakiuza samaki na mboga juu yake. Kuta hizo zilikuwa pia makao ya Baraza la Inkwizisheni, mahakama ya kanisa ya kuwasaka walioshukiwa kuiacha imani, kwa zaidi ya miaka 300, kisha jela. Hatutakaa sana.

Kisha mtaa wa San Basilio, kwenye nyua za ndani. Mashindano yalianza 1921, na kila Mei wenyeji hushindana nani ua wake umependeza. Vyungu vimetundikwa hadi juu ukutani, na mama mwenye nyumba humwagilia kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Ni nyumba za watu, wanalala humo. Ukikuta sanduku la sadaka mlangoni, tia chochote.

Tukutane saa moja kasoro robo asubuhi chini ya mnara wa Calahorra. Vaeni viatu vya soli nene, maana vichochoro vimetandikwa kokoto za mto zilizosimama wima. Wazee wenye magoti mabaya waniambie usiku huu huu, nitapanga mwendo nao. Chukueni maji. Na yeyote kati yenu anayesoma Kiarabu vizuri anione kabla ya kulala, kuna nguzo moja upande wa al-Mansur ambayo jina lake limenishinda kulisoma.